Barua Kutoka Sigowet: Kutoa na Kuunga Mnyororo wa Baiskeli



Ukurasa wetu wa wiki hii unapanda bara. Tumepokea barua kutoka kwa binti yetu mmoja, mzaliwa wa huku pwani, ambaye anasomesha shule ya msingi huko Sigowet, kaunti ya Kericho, kwenye nchi ya majani chai. Anaishi huko na wanawe watatu. Baba yao yuko Maskati kikazi, na hurejea nyumbani mara moja kwa mwaka. Kifungua mimba wake, kijana wa miaka 13, huenda shule kwa baiskeli kuukuu nyeusi, ya zile zenye breki za fito na kerieri pana nyuma. Katika muda wa wiki mbili mnyororo wa baiskeli hiyo ulichopoka mara nne. Jirani mmoja, kwa nia njema, akaukata kipande na kuuunga tena kwa nyundo juu ya jiwe. Siku ya tatu ukakatika, kijana akiwa amesimama juu ya pedeli anapanda kilima. Aliangukia fremu, akaumia paja na kuchubuka magoti; mfupa, alhamdulillahi, haukuguswa.

Mama anauliza mambo mawili. La kwanza, je, mnyororo waweza kutolewa na kuungwa nyumbani, na mtu asiye fundi, nao ukaaminika? Anauliza hivyo kwa sababu fundi wa baiskeli aliyekuwa karibu naye amehamia kwenye pikipiki, kama walivyofanya wengi. La pili, je, amruhusu mwanawe apande tena, au amwambie aende kwa miguu? Swali la kwanza nalijibu sasa hivi: ndiyo. La pili litajibiwa na rula yake ya shuleni, nasi tutalifikia.

Kabla ya kushika koleo, yafaa tuitazame ardhi yenyewe. Sisi watu wa pwani tumejifunza baiskeli kwenye tambarare. Mtu wa Ukunda aweza kwenda ufukweni Diani na kurudi pasipo kusimama juu ya pedeli hata mara moja. Ndiyo sababu mnyororo ulioungwa ovyo hukaa miaka huku kwetu bila kumsaliti mwenyewe: hautiwi mzigo wa haja. Kericho mambo ni mengine. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Victoria, lililo upande wake wa magharibi, liko mita 1,134. Sigowet imekaa kwenye mteremko huo, katika barabara ya Kapsoit kwenda Sondu, na ardhi yaendelea kuporomoka kuelekea Soin na nyanda za Nyando. Niliwahi kualikwa kusomesha Kericho mwezi mzima wa Ramadhani, na kilichonishangaza kuliko baridi ni kwamba hakuna njia isiyo kilima: ukishuka kwenda, utapanda kurudi. Mvua nayo hunyesha alasiri baada ya alasiri, na udongo mwekundu hugeuka tope linaloganda kwenye kila kitu, mnyororo ukiwa wa kwanza.

Hebu tupige hesabu, maadamu barua imetoka kwa mwalimu. Mkono wa pedeli una urefu wa sentimita 17 hivi. Gurudumu la meno la mbele, likiwa na meno 44, lina sentimita 9 kutoka katikati hadi pale mnyororo unapokaa. Kijana wa kilo 45 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedeli moja iliyolala sawa na ardhi, mnyororo huvutwa kwa nguvu ya kilo 85, yaani karibu mara mbili ya uzito wake. Mzigo huo hauwagawanyikii vipande vyote kwa zamu za huruma. Kila pini iliyo kwenye upande unaovuta huubeba mzigo wote peke yake, na iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo itakayoamua. Tena itaamua saa ile ile mwendeshaji ameuegemeza mwili wake juu yake, mikono ikivuta usukani na makalio hayako kwenye kiti. Hapo hana pa kushika.

Mnyororo wa namna hii ulibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli yake iliyoitwa Rover, ambayo mnyororo uliendesha gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo baiskeli za mbio zilikuwa na pedeli kwenye gurudumu la mbele lenyewe, na ili zipate kasi gurudumu hilo lilifanywa kubwa mno, mpandaji akikaa juu kama aliye juu ya ngamia. Baiskeli nyeusi ya Sigowet ni kitukuu cha Rover, na mnyororo wake ungetambuliwa na Renold bila shida.

Utazame kwa karibu. Utaona vipande vya namna mbili vikipokezana: chembamba, kisha kipana, kisha chembamba tena. Kila kimoja kina urefu wa nusu inchi kutoka pini hadi pini. Kipande kipana kina vibamba viwili vya nje vilivyoshikwa na pini. Kipande chembamba kimekaa ndani ya vibamba hivyo, nacho kina bushi ambamo pini hupita, na juu ya bushi huzunguka rola, ile sehemu inayokaa kati ya meno. Anayeujua mpangilio huu hatashangaa akiondoa kipande kimoja tu kisha ncha mbili zikakataa kuoana. Hupunguzi kipande kimoja; unapunguza viwili, chembamba na kipana pamoja, yaani inchi nzima.

Sasa, kwa nini mnyororo wa kijana ulichopoka mara nne? Watu husema umerefuka, kana kwamba chuma kinavutika kama mpira. Vibamba havivutiki. Kinacholika ni pini na bushi, pale zinaposuguana, na tope la Kericho ni msasa mzuri sana kwa kazi hiyo. Kila kiungo kikilika kwa unene wa karatasi tu, mnyororo wenye vipande 112, ambao ukiwa mpya una sentimita 142, utaongezeka sentimita moja na zaidi. Huo ndio ulegevu unaouona ukining'inia chini. Jirani aliondoa inchi moja, ulegevu ukatoweka machoni, lakini pini zilizolika zilibaki zimelika. Nia yake ilikuwa njema, naye ashukuriwe. Tatizo lilikuwa jiwe na ubovu uliokuwapo tangu mwanzo.

Basi hapa rula inaingia. Mwalimu autundike mnyororo kwenye msumari ukutani, unyooke kwa uzito wake wenyewe. Rula ya sentimita 30 aghalabu ina inchi 12 upande wa pili. Aweke sifuri ya inchi katikati ya pini moja, kisha ahesabu pini 24 zinazofuata. Kwenye mnyororo mpya pini ya 24 itakaa sawasawa kwenye inchi 12. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, mnyororo umeanza uzee na akiba ya kununua mwingine ianze kuwekwa. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, milimita tatu, mnyororo huo umekwisha. Usiungwe. Usipunguzwe. Utaendelea kuchopoka, na utayala meno ya magurudumu yote mawili mpaka yawe yamechongoka kama mapezi ya papa, na hapo hata mnyororo mpya hautakaa. Apime sehemu tatu tofauti, kwa kuwa mnyororo hauliki sawa kila mahali.

Ikiwa kipimo ni kizuri na tatizo ni ulegevu tu, bado asikimbilie kukata. Baiskeli ya namna hii isiyo na gia imewekewa dawa yake: gurudumu la nyuma limekaa kwenye mianya ya fremu inayoruhusu kusogezwa. Alegeze nati mbili za gurudumu la nyuma, alivute nyuma mpaka mnyororo, ukiushika katikati kati ya magurudumu mawili ya meno, uweze kupanda na kushuka kwa sentimita moja hadi moja na nusu. Ukikazwa kama uzi wa gambusi utakula bushi na kuifanya baiskeli iwe nzito. Azungushe pedeli taratibu na kupima tena mahali pengine, kwa sababu gurudumu la meno la mbele huwa halikuchongwa duara kamili, nao mnyororo hukaza hapa na kulegea pale. Kipimo kichukuliwe pale ulipokaza zaidi. Tairi liwe katikati ya fremu, lisiegemee upande. Kisha nati zikazwe kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto. Minyororo mingi inayopelekwa kwa fundi ingeponea hapa.

Tuje kwenye kutoa. Baiskeli igeuzwe, isimame kwa usukani na kiti, na kifuniko cha mnyororo kiondolewe kama kipo. Atafute kwanza kama mnyororo una kiungo cha klipu. Atakitambua kwa kuwa upande wake wa nje una kibati chembamba chenye umbo la samaki: kichwa kimefumba, mkia umepasuka. Kwa kiungo hiki mnyororo hutolewa bila nyundo. Ashike koleo, au plaisi kama liitwavyo madukani, taya moja iegemee mkia wa samaki, ya pili iegemee ncha ya pini iliyo upande wa kichwa, kisha abane taratibu. Samaki atateleza kuelekea kichwani na kutoka. Mkono wa pili ufunike mahali hapo kwa kitambaa, kwa sababu kibati hiki huruka kama panzi, na kwenye nyasi za Kericho hakitaonekana tena mpaka Siku ya Kiyama. Kibamba cha juu kikishatoka, pini mbili husukumwa upande wa pili, na mnyororo umefunguka.

Ikiwa hakuna klipu, itabidi pini moja isukumwe. Maduka ya vipuri vya baiskeli huuza kifaa kidogo cha kutolea pini, chenye skurubu na mpini; anayeishi mbali na fundi na akinunue, kitamfaa miaka mingi. Mnyororo hulazwa kwenye meno yake, ncha ya skurubu ikawekwa katikati kabisa ya pini, kisha mpini huzungushwa polepole. Pasipo kifaa hicho, nyundo hutumika, lakini mnyororo ukalie nati nene ya chuma ambayo tundu lake liko chini ya pini hasa. Nati hubeba kibamba huku ikiiachia pini nafasi ya kushuka. Jiwe halina tundu: pini ikigongwa juu ya jiwe haina pa kwenda, hivyo hupondeka kichwa, na kibamba hupinda. Cha kugongea kiwe msumari uliokatwa ncha ukawa bapa, mwembamba kuliko pini. Agonge kwa kusitasita, si kwa hasira.

Hapa ndipo ningependa msomaji apunguze mwendo. Pini isitolewe yote. Isukumwe mpaka imeachia kibamba cha karibu na bushi, lakini bado imeng'ang'ania kibamba cha mbali, kwa unene wa milimita moja hivi. Kisha mnyororo hukunjwa kidogo kwa upande, na ncha mbili huachana. Ikitoka yote, kuirudisha kwenye tundu lake ni kama kumrudisha kaa kwenye shimo lake: waweza ukafaulu, lakini tundu halitashika kama lilivyoshika. Pini ikishatoka nzima, kipande hicho kitupwe.

Je, pini iliyosukumwa yaweza kurudishwa ikaungia mnyororo? Yaweza, na mafundi wengi hufanya hivyo kila siku. Katika baiskeli za gia, ambazo minyororo yake ni myembamba zaidi, jambo hili halifai kabisa. Hizo zina pini na viungo vyake maalumu vya kuungia. Katika mnyororo mpana wa baiskeli nyeusi yakubalika, maadamu pini imerudi sawasawa, ikichomoza kiasi kimoja pande zote mbili, na kibamba hakikupinda. Lakini tundu lililopitiwa na pini mara mbili limekwisha kupanuka kidogo. Kwa mtu wa Mombasa mjini ningesema haidhuru. Kwa kijana wa Sigowet anayesimama juu ya pedeli kila asubuhi, nasema mwalimu anunue kiungo kipya cha klipu, kwa upana wa mnyororo wake, na aungie hicho. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya mnyororo mzima, na pini zake zimechongwa kwa kazi hiyo.

Ili kuungia kwa klipu, ncha zote mbili za mnyororo ziwe vipande vyembamba. Kama moja ni pana, isukumwe pini moja zaidi. Mnyororo uzungushwe kwenye magurudumu ya meno, kisha ncha mbili zikutanishwe juu ya meno ya gurudumu la nyuma. Meno yatazishika zisikimbiane, na mikono yako itakuwa huru. Kile kibamba chenye pini mbili kitoke upande wa ndani, ulio karibu na gurudumu, pini zije upande wako. Kibamba cha juu kivishwe juu ya pini, mpaka mifereji midogo iliyochongwa kwenye ncha zake ionekane yote. Kisha samaki avishwe kwenye mifereji hiyo na kubanwa kwa koleo mpaka mkia wake udake pini kwa mlio mdogo. Mlio huo usipousikia, tazama tena.

Na huyo samaki aogelee mbele. Kichwa chake kilichofumba kielekee kule mnyororo unakokwenda. Ukiwa umesimama upande wa mnyororo, baiskeli ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, mnyororo wa juu huenda mbele na wa chini hurudi nyuma. Basi klipu ikiwa juu, kichwa kitazame gurudumu la mbele. Mkia ukitangulia, kijiti au ukingo wa kifuniko kilichopinda chaweza kuukamata na kumvua samaki wakati wa mwendo. Nimeona mafundi wenye duka wakiliacha jambo hili kwa bahati, na sioni udhuru wao, kwani kuligeuza hakugharimu hata dakika.

Kuna wanaoona kazi hii haimstahiki mwanamke, na mwalimu mwenyewe ameandika kwamba anachelea kuchekwa na majirani. Namkumbusha cherehani ya kukanyaga iliyoko katika nyumba nyingi za kwetu. Mama aliyewahi kukata mkanda wake uliolegea, akautoboa, akauunga kwa kile kijipini cha waya, akaupima ukazo kwa kidole, kisha akatia tone la mafuta kwenye kila tundu, huyo kazi ya mnyororo anaijua nusu. Nusu iliyobaki ni grisi.

Baada ya kuunga huja kupima, na huku ndiko watu wanakojipunja. Pedeli zizungushwe kinyumenyume taratibu, jicho likikifuata kiungo kipya kinapopita kwenye meno ya mbele na ya nyuma. Kikiruka au kubaki kimekunjika kama kidole chenye baridi yabisi, kimekazwa kupita kiasi; kishikwe kwa mikono miwili na kukunjwa kidogo kulia na kushoto mpaka kilegee. Kisha baiskeli isimamishwe, gurudumu la mbele liegemee ukuta, breki ya nyuma ishikwe barabara, na kiungo kiwe upande wa juu, kwa kuwa huo ndio unaovuta. Mtu mzima asimame kando, asiipande wala asiipandie miguu, aweke mguu mmoja juu ya pedeli iliyo mbele na kuukandamiza mpaka uzito wake wote uwe hapo. Afanye hivyo mara kumi. Mama wa kilo 65 ataupa mnyororo mzigo mkubwa kuliko atakaopewa na kijana wa 45, na kama ni wa kukatika, ukatike hapo uani, mguu wa pili ukiwa karibu na ardhi.

Mafuta nitayataja kwa haraka. Mnyororo uoshwe kwa mafuta ya taa na mswaki mzee, nje ya nyumba na mbali na moto, ukauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani litiwe kwenye kila rola. Baada ya robo saa upanguswe kwa kitambaa mpaka nje yake ikaribie kuwa kavu. Mafuta yanahitajika ndani. Yakibaki nje hukusanya vumbi na kuwa msasa. Mafuta ya kupikia hugandamana na hayafai. Katika majira ya mvua kazi hii irudiwe kila wiki. Kwetu pwani adui ni chumvi ya bahari zaidi ya tope, na dawa ni hiyo hiyo.

Kuhusu vidole nitakaa kidogo, kwa kuwa gazeti hili husomwa na wenye watoto wadogo. Mtoto hupenda kuzungusha pedeli za baiskeli iliyopinduliwa. Huona ni mchezo. Mwenzake akiwa anafuta mnyororo kwa kitambaa, meno hukamata kitambaa, kitambaa huvuta kidole, na kidole kikishafika kati ya jino na mnyororo hukatika kabla ya yeyote kupiga ukelele. Anayefuta ndiye azungushe pedeli, kwa mkono wake mwenyewe, na wengine wakae mbali. Vivyo hivyo buibui, kanzu na sketi ndefu za shule: kama kifuniko cha mnyororo kimeondolewa, kirudishwe kabla baiskeli haijatoka nje ya ua.

Kwa wale ambao baiskeli zao hufunga breki kwa kurudisha pedeli nyuma, nina onyo la ziada. Mnyororo ukichopoka kwenye baiskeli hiyo, breki imekwenda nao. Kwenye mteremko wa kutoka Sigowet kuelekea Soin sitaki kufikiria yatakayofuata. Baiskeli ya kijana wetu ina breki za fito zinazoshika ringi, hivyo kwenye mteremko mnyororo ukitoka bado atasimama, mradi vipande vya mpira vya breki havikulika. Avitazame hivyo pia.

Sasa swali la pili. Mwalimu apime. Ikiwa pini ya 24 haikupita milimita tatu, na meno hayajachongoka, na kiungo kipya kimestahimili uzito wake mara kumi, kijana apande, naye mama asikae na wasiwasi kila asubuhi. Ikiwa imepita, aende kwa miguu mpaka mnyororo mpya upatikane, hata kama ni mwezi mzima, hata kama wenzake watamcheka. Najua kijana wa miaka 13 kutembea ilhali baiskeli iko nyumbani humuuma. Amwambie sababu, ampe rula, ahesabu mwenyewe. Na akiwa amehesabu mwenyewe, afundishwe kuunga mwenyewe, mama akisimamia, kisha kipande kimoja cha akiba cha klipu kifungwe kwenye kitambaa na kuwekwa ndani ya mkoba wa shule pamoja na koleo dogo.

Mwalimu ameandika kwamba huenda Kericho mjini mara moja kwa mwezi. Ikiwa yuko msomaji wetu anayeishi huko na anajua duka linalouza viungo vya klipu vya mnyororo mpana, na atuandikie kupitia ofisi ya gazeti, tumfikishie kabla ya safari yake ijayo.

Wassalaam.